Mtoto Wangu Hasikii

Wengi mmeniandikia tangu wiki iliyopita, na karibu wote mmenitukana. Mmesema mwanamke gani anamkabidhi cheti cha hospitali mtu asiyemjua hata kwao. Haya, nimepokea. Nilikuwa mjinga. Ila nawaomba msiyamalize matusi yenu yote, mbakize kidogo, kwa sababu mambo ya leo ni mabaya kuliko yale, na safari hii hakuna Gaudens wa kumsingizia.

Kwa asiyekuwepo, habari ni hii. Mwanangu Yustina aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Akapona, masikio yakabaki hukohuko. Baba yake, Kornelio, mchonga vinyago, alisubiri mwaka mzima mtoto amwite baba. Alipochoka kusubiri akarudi Masasi na patasi zake.

Nikabaki Chang'ombe na mtoto, na kazi yangu ya kufagia kiwanda cha nguo. Serikali ilipoamuru kila mtoto aende shule, Yustina alikuwa na miaka tisa. Nikampeleka shule ya mtaani kwetu, na huko akawa anachapwa kila asubuhi kwa kutoitika jina lake, mpaka nikamtoa.

Kisha nikasikia kuna shule ya viziwi, watoto wanafundishwa kusoma, kuandika na kusema kwa mikono. Nafasi imebaki moja. Lakini lazima kamati ya elimu ya kata ikubali kwanza, na mfagizi kama mie nani atanisikiliza? Nilitaka mtu wa kunisemea.

Nikampata Gaudens, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Akachukua cheti cha daktari, karatasi pekee duniani iliyosema Yustina ni kiziwi, akasema anakwenda kukigongea muhuri. Akahama Temeke nacho. Tuliachia hapo.

Ila kuna jambo sikuwaambia. Kabla hajapotea, Gaudens aliniachia wosia. Alinisogelea mlangoni, akashusha sauti.

"Mama Yustina, usije ukaandika neno kiziwi mahali popote."

"Kwa nini?"

"Mtoto akishaandikwa kiziwi, anafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Anapelekwa kambi ya walemavu, huko mbali. Humwoni tena. Wewe andika hasikii. Ni neno la adabu."

Cheti aliniibia, neno lake nikalitunza. Mniambie nyie wenye akili, mtu anaibiwa na mwizi halafu anashika ushauri wa mwizi? Mie nilishika.

Basi. Kiwandani kwetu kulikuwa na darasa la kisomo, saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ikitoka. Mwezi ule tukaletewa mwalimu mpya, Mwalimu Kokushubila, mama wa Kihaya, mjane, mwalimu mstaafu. Mfupi, mnene, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa na neno lake moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Ukinakili, nakili mpaka nukta ya mwisho."

Wiki ya tatu, akiwa ameshatushika mikono wote kuandika, akasema kila mtu aandike sentensi moja ya kweli. Wenzangu wakaandika habari za mihogo na zamu. Mie nikaandika: Mtoto wangu hasikii.

Akaisoma, akanitazama juu ya miwani. "Hasikii kwa ukaidi, au hasikii kwa masikio?"

Nikaanza kulia palepale, mbele ya watu wazima arobaini.

Jioni ile akanifuata nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba mtu mwingine hanisemei tena. Nikamwekea kiti mlangoni, sikumkaribisha ndani.

"Shikamoo, Mwalimu. Na wewe unataka nikupe karatasi gani?"

"Marahaba. Nataka maji ya kunywa," akasema. "Halafu nataka kumwona mtoto. Wewe nitakuona baadaye."

Yustina alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, anachambua mchicha. Mwalimu akampa mkono, akamwinua taratibu, akamsimamisha chini, mbali na benchi. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria, akaenda nyuma yake, akauachia kwenye sakafu ya saruji. Jirani zetu wawili wakatoa vichwa madirishani. Yustina hakugeuka. Aliendelea kuukagua mchicha uliokuwa mkononi mwake.

"Mbona umemwinua kwanza?" nikauliza.

"Akikaa kwenye mbao, mbao zinamwambia. Ukigonga benchi atashtuka, watu watasema anasikia. Wengi wamepoteza nafasi hivyo."

Hapo moyo ukanilainika kidogo. Gaudens alikuja kwangu mara sita na hata siku moja hakumtazama mtoto.

Wakati ule watoto wa shule wakapita barabarani na sare zao. Yustina akafanya anavyofanyaga kila siku. Akaandika kwa kidole kwenye kiganja chake, akanitazama. Maana yake, shule? Na mie nikamjibu kama kila siku, nikalaza shavu kwenye mkono. Maana yake, tulale kwanza, kesho.

Mwalimu aliyaona yote. "Umemwambia kesho mara ngapi?"

Nikamchukulia Yustina mchicha, nikaendelea kuuchambua mwenyewe.

Akaandika barua usiku wa siku ile kwake, akaniletea asubuhi kabla ya kazi. Akanisomea, kidole chake kikifuata mstari. Nawaandikia hapa kama ilivyokuwa, maana nitaikumbuka mpaka naingia kaburini:

"Mtoto Yustina Kornelio ni kiziwi. Walimu wake wamemwita, wamemgombeza, hata wamempiga, lakini kwa kuwa ni kiziwi haikusaidia kitu. Mama yake amehangaika naye bila mafanikio. Tunaomba kamati impeleke shule ya viziwi." Chini yake sahihi, jina lote, Mwalimu Kokushubila, na mkia mrefu uliokunjwa mara mbili.

Nikalifunika lile neno kwa kidole. "Mwalimu, ondoa kiziwi."

"Niweke nini?"

"Hasikii."

"Rosalia, shule yenyewe inaitwa ya viziwi. Usipolitaja neno utaingiaje? Na hilo lako lina maana mbili, nimekuuliza mwenyewe darasani."

"Wakimwandika kiziwi watamchukua!"

"Nani kakwambia?"

Ningesema Gaudens, angecheka, na ningepona. Lakini niliona aibu kulitaja jina la mtu aliyeniibia. Nikasema, "Watu."

"Watu wamekosea. Kiziwi si tusi." Akanikunjia barua, akaniwekea mkononi. "Mie nakwenda msibani Tandale, narudi keshokutwa. Ipeleke leo hii kwa karani wa kata. Sitabadili neno hata moja."

"Sawa, Mwalimu," nikasema.

Haikuwa sawa.

Mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nilijifungia kwenye chumba cha mafagio. Nilikuwa na karatasi mbili za daftari na kalamu ya kuazima. Nikaanza kunakili. Mwandiko, jamani, ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Kila penye kiziwi nikaweka hasikii. Mwisho kabisa, penye shule ya viziwi, nikaweka shule ya watoto wasiosikia. Nikajiona mjanja.

Na kwa kuwa tulifundishwa kunakili mpaka nukta ya mwisho, nikanakili na sahihi. Jina lote. Na mkia, nikaukunja mara mbili.

Naapa mbele yenu, sikujua kwamba hilo ni kosa. Kwangu mie sahihi ilikuwa sehemu ya barua, kama tarehe. Nikampelekea karani, akapokea, akagonga muhuri. Ile ya Mwalimu nikarudi nayo nyumbani nikawashia mkaa.

Siku nne baadaye mgambo akaja na wito. Kamati, Alhamisi, saa nne asubuhi, mama aje na mtoto na vitu vyake. Na vitu vyake! Nikajua tumepata. Nikampelekea Mwalimu habari, akafurahi mpaka akanikumbatia, akasema atakuja kunisindikiza. Nikashona sare mpya, bluu na nyeupe. Nikamsuka Yustina. Asubuhi ile alipoandika kiganjani, kwa mara ya kwanza sikulaza shavu. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Aliruka mpaka kiatu kikamvuka.

Nje ya chumba cha mkutano palikuwa na Landrova. Yustina akaishika taa, akaipapasa kama anayempapasa paka. Wifi yangu Genoveva, dada yake Kornelio, alikuwa amekaa kibarazani na kikapu chake. Huyu anaishi Kimbiji, ana shamba la mpunga, na tangu kaka yake aondoke anamtaka Yustina akaamie ndege, awafukuze wasile mpunga. Mtoto asiyesikia hata ndege!

"Umefuata nini, wifi?"

"Nimesikia mtoto anakwenda. Nimekuja kuangalia kama kweli. Kama si kweli, boti ya jioni tunaondoka naye. Kaka kashanipa ruhusa."

"Utarudi na kikapu chako kitupu," nikamwambia, nikaingia ndani nimeinua kidevu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ndugu Leonardi, mtu wa haki, asiyepokea hata kikombe cha chai, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kushoto kwake alikaa mwalimu mkuu wa ile shule ya mtaani kwetu. Sisi tulikaa mbele yao kwenye dawati refu, mie, mtoto na Mwalimu Kokushubila. Mgambo akavuta kiti mlangoni.

"Ndugu Rosalia," Mwenyekiti akaanza, "kamati inakupongeza. Wazazi wachache wana moyo wa kusema ukweli kuhusu watoto wao."

"Asante, Ndugu Mwenyekiti."

"Nitasoma barua." Akakohoa. "Mtoto Yustina Kornelio hasikii. Walimu wake wamemwita, wamemgombeza, hata wamempiga, lakini kwa kuwa hasikii haikusaidia kitu. Mama yake amehangaika naye bila mafanikio. Tunaomba kamati impeleke shule ya watoto wasiosikia."

Nikahisi Mwalimu Kokushubila ameganda pembeni yangu.

Mwalimu mkuu akadakia. "Nathibitisha. Mkaidi huyu sijapata kuona. Unamwita hageuki. Unamwambia simama anakaa. Fimbo hazimwingii."

"Kwa hiyo," akasema Mwenyekiti, "kamati imekubali ombi la mama. Mtoto anapelekwa shule ya kurekebisha tabia. Iko mkoani, mbali kidogo, lakini inajulikana kwa watoto wasiosikia. Miaka mitatu. Gari liko nje."

Jamani. Jamani jamani. Neno langu la adabu.

"Siyo hivyo!" nikapiga kelele. "Ndugu Mwenyekiti, hasikii maana yake hasikii kwa masikio! Ni mgonjwa wa masikio!"

Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikanichoma kuliko ukali. "Mama, kila mzazi likifika gari hujuta. Kama ni masikio, cheti cha daktari kiko wapi?"

Mnajua wenyewe kilikuwa wapi. Kilikuwa mfukoni mwa kalamu tatu.

"Kimepotea," nikasema.

"Tumjaribu basi," akasema mwalimu mkuu. Akainuka, akaenda nyuma ya Yustina.

"Mwondoeni kwanza kwenye da..." akaanza Mwalimu Kokushubila.

Hakuwahi. Mwalimu mkuu aliinua rula yake nene, akaipiga kwenye dawati letu, pwaa! Yustina akaruka, akageuka kumtazama. Alisikia kwa mapaja, kwa mgongo, kwa viganja vilivyokuwa juu ya mbao. Lakini nani angejua hilo?

"Anasikia huyu!" mwalimu mkuu akacheka. "Anasikia vizuri kuliko mie."

Kutoka kibarazani nikamsikia Genoveva naye anacheka.

Mwalimu Kokushubila akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, jaribio hilo si sahihi. Nipe dakika moja nikuonyeshe."

"Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mie ni Mwalimu Kokushubila. Nimekuja kumsemea mtoto."

Ndugu Leonardi akaigeuza barua, akamsogezea. "Ndiyo kwanza nimelitambua jina. Sahihi hii ni yako?"

Mwalimu akaishika miwani yake kwa upande wenye uzi, akasoma. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama alivyonisomea mie. Kidole kikasimama penye hasikii ya kwanza. Kikasimama penye ya pili. Kikafika chini, kwenye mkia uliokunjwa mara mbili, kikatulia pale. Aliujua mwandiko. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikaupata.

Nilitaka ardhi inimeze.

"Nasubiri, Mwalimu," akasema Mwenyekiti. "Na nikueleze kabisa, maana naona uso wako. Kama barua hii ni yako, basi umeshasema, mtoto ni mkaidi, hatuna haja ya kukusikiliza tena. Kama si yako, kuna mtu ameghushi sahihi kwenye barua ya serikali. Hapo shauri la mtoto linasimama, na mgambo atampeleka aliyeandika kituoni."

Shauri likisimama, mie nipo kituoni, Yustina ataondoka na nani? Kikapu kilikuwa kibarazani, na boti ya Kimbiji jioni. Na nafasi ya shule ya viziwi ilikuwa inafungwa Jumatatu.

Nikamshika Mwalimu nguo chini ya dawati. Nilimwomba kwa macho, aseme tu ni yake, tutajua mbele ya safari. Aseme ni yake alikosea neno. Aseme chochote, mradi asiniseme mie. Ndiyo, wasomaji wangu, hapo ndipo nilipofikia. Gari linamsubiri mwanangu na mie nawaza ngozi yangu.

Akaiondoa mikono yangu kwenye nguo yake, kidole kimoja kimoja. Hakufanya kwa hasira, ndiyo maana iliniuma.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mie nimefundisha miaka ishirini na minane, sijapata kusema uongo mbele ya watu, na leo sitaanza. Lakini kabla sijajibu, naomba kumwambia mama mtoto neno moja."

"Sema."

Akanigeukia. "Rosalia. Uliniuliza siku ile nataka nini kwako. Leo nakujibu. Mie nilikuja kumtetea mtoto. Sikuja kumtetea mama yake. Ukisema mwenyewe, nitapata nafasi ya kusema na mie kabla ya Jumatatu, na nitakaa na mtoto wako mpaka utoke, haendi Kimbiji wala haendi popote. Nikisema mie kabla yako, hakuna atakayetuamini wote wawili. Chagua."

Miezi yote ile nilikuwa natafuta mtu wa kuaminika, na kumbe sikuwahi kujiuliza kama nitamtambua nikimpata. Huyu hapa, yuko tayari kunipeleka kituoni kwa ajili ya mwanangu. Na Gaudens, aliyeniita dada, alinikubalia kila nilichotaka.

Lakini nimwamini? Kweli atakaa naye? Na kama hataweza? Genoveva ana ruhusa ya baba. Mjane wa Kihaya ana nini?

"Ndugu Rosalia," Mwenyekiti akaita. "Nakuuliza wewe sasa. Barua hii kaandika nani?"

Wakati uleule nikahisi mtu ananivuta mkono wa gauni. Yustina. Hakuwa amesikia hata neno moja. Alikuwa ameona watu wamesimama, ameona Landrova dirishani, akadhani muda wa kuondoka umefika. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akafungua kiganja, akaandika kwa kidole, akanitazama.

Nikasimama, nikauinua mkono uliounakili ule mkia. Mlangoni, mgambo naye akasimama.